Kisa cha Margaret Butler: viazi vya Carlow na miaka saba ng'ambo

Jumanne, Septemba 2, 1845, meli iitwayo Tasmania iling'oa nanga Kingstown, bandari iliyo kusini kidogo ya Dublin, ambayo siku hizi inaitwa Dún Laoghaire. Ilibeba wafungwa wanawake 138 na watoto wao 35. Ilikuwa ikielekea Hobart, mji mkuu wa Van Diemen's Land, kisiwa kilichoko kusini mwa Australia ambako Uingereza ilikuwa ikimwaga wafungwa wake. Kisiwa chenyewe kilikuja kubadilishwa jina rasmi mwaka 1856, kikaitwa Tasmania kama ile meli, maana jina la zamani lilikuwa limeshanuka jela.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Margaret Butler wa Carlow, mkoa wa Ireland, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza. Kosa lake ni kuiba viazi. Hukumu yake ni miaka saba ng'ambo.

Siku 13 kabla ya meli kuondoka, Agosti 20, David Moore, msimamizi wa bustani ya mimea ya Glasnevin pale pale Dublin, aliona madoa kwenye majani ya viazi. Ulikuwa ule ukungu ambao wakulima wetu wa Njombe na Mbeya wanaujua kama bakajani chelewa: jani linaungua kama lililopitiwa na moto, kisha kiazi kinaoza kikiwa bado ardhini. Kutokana na madoa yale Ireland iliingia kwenye njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwakimbiza zaidi ya milioni moja wengine. Mwizi wa viazi akawa anaondoka Ireland siku zile zile viazi vyenyewe vinaanza kufa.

Hizo siku 13 ndizo zinazonifanya nikirudie kisa hiki. Watu wengi wanaousimulia uhamisho wa wafungwa wa Ireland hufika mahali wakasema: basi, kwa baadhi yao, adhabu ile iliwaokoa. Ni maneno yenye ladha, na hesabu inaonekana kuyaunga mkono. Nataka tuyapime taratibu kwa kufuata njia aliyopitishwa Margaret.

Tuanze na viazi. Ni viazi mviringo, mbatata kwa watu wa pwani. Aliyezoea kuviona kama chipsi au kama kitoweo ndani ya mchuzi itabidi abadilishe picha kichwani. Kwa kibarua wa Ireland ya miaka ile, kiazi kilikuwa ugali na kilikuwa mboga, na mara nyingi kilikuwa mshahara pia. Mwanamume wa kazi za shamba aliweza kula kilo tano na zaidi kwa siku, akishushia maziwa yakipatikana, na hapo hakuna kingine cha kusubiri. Alikodishiwa kipande cha ardhi kwa msimu mmoja, akalipa kodi kwa kumlimia mwenye shamba.

Mfumo huo ulikuwa na shimo katikati ya mwaka. Viazi vya msimu uliopita vilianza kwisha au kuharibika kuanzia katikati ya mwaka, na vipya havijawa tayari. Wiki hizo zilikuwa za njaa kila mwaka, hata mavuno yawe mazuri namna gani. Wapo wanawake waliofunga mlango, wakawachukua watoto na kwenda kuomba njiani, mbali na kwao, mahali ambapo hakuna anayewajua. Aliyebaki nyumbani aliishi kando ya shamba la mwenzake au lundo la viazi vilivyofukiwa na udongo visiharibike, akavitazama. Mwenye njaa hana miiko, wahenga walishasema.

Na serikali? Sheria ya maskini ya mwaka 1838 iliweka majumba ya maskini nchi nzima, lakini haikuruhusu mtu apewe chakula akiwa kwake. Ukitaka kula kwa gharama ya umma unaingia ndani, familia inatenganishwa mlangoni: baba upande wake, mama upande wake, watoto wakubwa kwao. Watu waliyaogopa majumba hayo kuliko jela. Kwa hiyo anayesema kwamba Margaret alikuwa na njia nyingine, ajue hiyo njia nyingine ilifananaje.

Sasa hukumu. Kwa sheria ya wakati ule wizi wa kawaida ulitosha kumpeleka mtu ng'ambo miaka saba. Ulitosha, lakini haukulazimisha. Hakimu aliweza kutoa kifungo cha miezi kwenye gereza la wilaya, na wezi wengi wa vitu vya kuliwa walipata hicho. Miaka saba ndiyo iliyokuwa ngazi ya chini ya uhamisho, na kwenye karatasi inaonekana kama huruma ukiilinganisha na ya juu kabisa, ambayo ilikuwa maisha.

Ndani ya meli ile ile kulikuwa na mtu wa ngazi ya juu. Eliza Davis alitoka gereza la Wicklow, mkoa jirani na Carlow. Alihukumiwa kunyongwa kwa kuua mtoto mchanga, kisha hukumu ikapunguzwa kuwa uhamisho wa maisha. Wanawake wawili, mmoja kwa viazi, mwingine kwa roho ya mtoto, chini ya sitaha moja. Nitamrudia Eliza, kwa sababu bila yeye kisa cha Margaret kinaonekana kama kichekesho cha mwizi wa kuku aliyefungwa huku mapapa yanaogelea. Si kichekesho.

Kabla ya meli kulikuwa na Grangegorman. Hilo ni gereza la Dublin ambalo kuanzia mwaka 1836 lilikuwa la wanawake peke yao, na ndilo lililokuwa kituo cha kuwakusanya wanaokwenda ng'ambo kutoka mikoa yote. Walifundishwa kushona, kufua, kusoma kidogo. Makoloni yalikuwa yakilalamika kwamba Ireland inawaletea wanawake wasiojua kazi za nyumba za kizungu za mjini, na kweli: mtu aliyekulia chumba kimoja chenye moto wa udongo wa mboji uliokaushwa katikati hajui kupanga meza wala kung'arisha vijiko vya fedha. Grangegorman ilikuwa jela, lakini pia ilikuwa ofisi ya kuandaa wafanyakazi wa ndani. Ukilisahau hilo la pili hutaelewa kwa nini mwizi wa viazi alionekana ana thamani ya gharama za safari ya nusu dunia.

Safari yenyewe ilichukua siku 92. Desemba 3 walifika Hobart. Waliondoka vuli inaingia, wakashuka mwanzo wa kiangazi, mwezi wa Desemba, jua likiwa upande usio wake. Ya baharini nayapita.

Hawakushushwa mjini. Walipelekwa kwenye Anson, manowari kuukuu ya Uingereza iliyong'olewa mizinga na kutiwa nanga mtoni Derwent, ikageuzwa gereza la kuelea tangu 1844. Wasimamizi wake walikuwa mume na mke, Edmund na Philippa Bowden. Utaratibu mpya ulikuwa kwamba mwanamke anayefika akae pale miezi sita kwanza, mbali na wafungwa wa zamani wa mjini, afundishwe, atulizwe, ndipo atolewe kwenda kuajiriwa.

Tusimame kidogo hapa kwenye daftari, kwa sababu ndilo linalotuwezesha kumjua mtu kama Margaret. Ofisi ya wafungwa ya Van Diemen's Land iliandika watu kuliko karibu ofisi yoyote ya karne ile. Karani anakaa na kitabu kikubwa. Mwanamke anasimama mbele yake, anapimwa urefu bila viatu. Umri. Dini. Anajua kusoma? Kuandika? Kazi yake. Kisha mwili unagawanywa vipande: ngozi, kichwa, nywele, uso, paji, nyusi, macho, pua, mdomo, kidevu, na alama zozote, kovu au pengo la meno. Kisha anaulizwa aseme mwenyewe kosa lake. Karani ana karatasi za kutoka Ireland tayari. Anauliza ili alinganishe. Anayedanganya anajulikana siku ya kwanza.

Halafu linakuja swali ambalo mimi huwa nasimama kwalo. Anaulizwa ndugu zake. Mume, watoto, mama, kaka, dada, majina yao na wanakoishi. Yote yanaandikwa. Ukiyasoma leo unaweza kudhani ni huruma, kwamba mtu fulani alijali nani ameachwa nyuma. Hapana. Majina yale yalikuwa kamba ya kumfungia mtu: akitoroka na kubadilisha jina, kuna mahali pa kuanzia. Lakini kamba hiyo hiyo ndiyo wajukuu wa vitukuu wanaoishika leo kuvuta ukoo wao mpaka Carlow. Kumbukumbu za wafungwa wa Australia ziliingizwa mwaka 2007 kwenye rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Walioandikwa humo hawakuwa na habari kwamba wanahifadhiwa.

Chini ya maelezo hayo ukurasa unaachwa wazi. Nafasi hiyo ni ya makosa yajayo.

Baada ya miezi sita mwanamke alipata daraja la kuajiriwa. Mwenye nyumba wa Hobart au mkulima wa huko mashambani alikuja kuchagua, mshahara mdogo ukaandikwa kwenye mkataba, na mfungwa akawa mfanyakazi wa ndani. Hapo ndipo ukurasa ulipoanza kujaa. Kumjibu mama mwenye nyumba: kosa. Kutoka bila ruhusa: kosa. Kurudi usiku, kulewa, kukutwa na mwanamume, kukataa kazi: makosa. Bosi hakuhitaji kugombana na mtu. Alimpeleka kwa hakimu, na hakimu akatoa siku kadhaa za chumba cha peke yako kwa mkate na maji, au miezi ya kazi ngumu huko Cascades.

Cascades kiliitwa Kiwanda cha Wanawake. Kilianza mwaka 1828 kwenye majengo ya kilichokuwa kiwanda cha pombe kali, chini ya Mlima Wellington, bondeni kwenye unyevu ambako jua lilifika kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Kazi kubwa ya adhabu ilikuwa kufua. Nguo za hospitali, za yatima, za taasisi nyingine, kwenye mabeseni, na maji ya baridi yatokayo mlimani. Chukua mikono ya mtu aliyewahi kufua mablanketi asubuhi ya Julai huko Makete, kisha uizidishe kwa miezi sita.

Na sasa Eliza. Mfungwa mwanamke aliyepata mimba nje ya ndoa alirudishwa kutoka kazini. Alijifungua mikononi mwa serikali, akamnyonyesha mtoto kwa miezi iliyopangwa, kisha mtoto akaachishwa ziwa kwa tarehe ya ofisi, mama akahamishiwa upande wa adhabu kutumikia kifungo cha kupata mimba. Baba, ambaye mara nyingine alikuwa mwenye nyumba mwenyewe au mwanawe, hakuandikwa popote. Watoto walibaki kwenye chumba cha kulelea, wamejazana, wanalishwa mkate uliolowekwa. Walikufa kwa mamia katika miaka ya Cascades na vituo vyake. Mwaka 1838 vifo hivyo vilichunguzwa rasmi na magazeti ya Hobart yakapiga kelele, chumba kikahamishwa, vifo vikaendelea.

Tuweke pamoja. Sheria iliyomvisha Eliza Davis kitanzi cha maneno kwa kifo cha kichanga kimoja ilimpeleka kwenye nchi ambako sheria hiyo hiyo ilikuwa inaendesha vyumba ambamo vichanga vinakufa kwa safu, na hakuna aliyesimamishwa kizimbani. Sisemi hivyo kumsafisha Eliza. Nasema kwamba tukitaka kuuliza adhabu iliokoa nani, lazima tuwahesabu na hawa.

Watoto 35 wa melini wana njia yao. Mtoto mkubwa wa kutosha kutengana na mama hakwenda na mama. Alipelekwa Queen's Orphan School huko New Town, nje kidogo ya Hobart, majengo mawili ya mawe na kanisa katikati, wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili. Shule ya yatima, kwa mtoto ambaye mama yake yuko hai, anapangusa meza ya mtu mwingine mji ule ule. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa na kanisa. Mtoto alitoka akifikisha umri wa kuwekwa kazini, au mama alipopata uhuru wa kutosha na uwezo wa kumwomba. Najua mtu ataniambia kwamba huko Carlow jumba la maskini lingewatenganisha vilevile. Kweli. Kwa hiyo tofauti ya adhabu na msaada ilikuwa ndogo sana kwa mtoto, na hilo si jambo la kuitetea adhabu.

Turudi kwenye lile neno, kuokolewa. Upande wa hesabu uko hivi. Sensa ya 1841 ilikuta Carlow ina watu kama 86,000. Ya 1851 ilikuta kama 68,000. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ametoweka, kwa kufa au kwa kuhama. Kifungo cha miaka saba cha mtu aliyeondoka 1845 kinaelekea kuisha 1852, mwaka ambao wanahistoria wengi ndipo wanapofungia njaa ile. Yaani kifungo kilikaa juu ya njaa kama kifuniko juu ya sufuria. Katika miaka hiyo Van Diemen's Land mfungwa alikula nyama na mkate, na hilo halina ubishi.

Kuna ushahidi mzito zaidi, na ni wa wanawake wenyewe. Njaa ilipokolea, baadhi ya wanawake wa Ireland walichoma moto kwa makusudi nyumba au marundo ya nyasi, wakasimama pale pale wakisubiri kukamatwa, wakaiambia mahakama waziwazi kwamba wanataka kupelekwa ng'ambo. Hao walipima wakaona. Nani mimi niwaambie kwamba walikosea?

Lakini hao walichagua. Wa Septemba 1845 hawakuchagua chochote. Hakimu wa Carlow hakujua kwamba ukungu unakuja. Viazi ambavyo Margaret aliviiba vilikuwa vizima, na kosa lake lilipimwa kwa thamani ya viazi vizima. Kama hakimu angejua, je, angesema nenda ukapone? Hukumu haiwezi kudai sifa ya jambo ambalo aliyeitoa hakulijua. Mtu akikusukuma nje ya basi kwa sababu huna nauli, halafu basi likapinduka mbele, konda hajawa mwokozi wako.

Tena neno hilo linamtazama mtu mmoja tu, aliyepanda meli. Aliyebaki nyumbani halimgusi. Kila mwanamke aliyeondolewa Carlow alikuwa mikono miwili iliyokuwa ikipanda, ikichimba, ikiomba barabarani ikilazimu. Walioachwa na mikono hiyo waliingia njaa ile bila mtu wao. Ndiyo maana narudi kwenye ile orodha ya ndugu kwenye daftari. Karani aliiandika Desemba 1845, wakati barua kutoka nyumbani bado zilikuwa njiani. Katika miezi iliyofuata orodha za namna hiyo zilianza kuwa za marehemu, bila mtu wa kurudi kuzikata majina.

Siku hizi Hobart, kwenye gati la Macquarie, kuna sanamu za shaba za wanawake na mtoto, wamesimama kama watu waliotoka kushuka. Rais wa Ireland wa wakati huo, Michael D. Higgins, alizizindua mwaka 2017. Aliyezitengeneza ni Rowan Gillespie, yule yule ambaye sanamu zake za watu wa njaa, mifupa na matambara, zinatembea tangu 1997 kando ya mto Liffey mjini Dublin. Nimewasikia watu wakizisoma kama sura ya kwanza na ya pili ya hadithi moja: wa Dublin wanaondoka, wa Hobart wamefika. Ni usomaji mzuri kwa macho. Tarehe haziukubali. Wa meli ya Tasmania walikuwa wameshapita kabla wale wa Dublin hawajaanza kukonda.

Lipo jambo la mwisho kuhusu hiyo miaka saba. Kati ya wafungwa kama 162,000 waliopelekwa Australia, wanawake walikuwa kama 25,000, na serikali iliyomlipia kila mmoja wao nauli ya kwenda haikumwekea nauli ya kurudi. Mwanamume aliyemaliza kifungo aliweza kujaribu kuomba kazi ya ubaharia arudi akifanya kazi. Mwanamke hakuwa na mlango huo. Kwa hiyo ile ngazi ambayo juu yake aliwekwa Eliza kwa maisha, na chini yake Margaret kwa saba, ilikuwa sakafu moja. Siku ya kumaliza, mfungwa wa miaka saba alipewa cheti: jina, meli, mwaka, mahali alipohukumiwa, na ile hesabu ya paji, pua na kidevu, ili kisitumiwe na mtu mwingine. Kilimruhusu kwenda popote apendapo. Nauli ya mpaka Ireland alitakiwa aitafute mwenyewe, kwa mshahara wa mfanyakazi wa ndani.